Okoa Titi, Mwenyewe Atajijua

Tarehe 5 Agosti 2013 majaji 14 wa Mahakama ya Rufaa nchini Marekani, watu wazima wenye majoho yao, walitoa uamuzi kuhusu bangili ya mpira. Bangili yenyewe ilikuwa imeandikwa "I ♥ boobies". Wasichana wawili wa mji wa Easton, Pennsylvania, wenye miaka 12 na 13, waliivaa shuleni Oktoba 2010, siku ambayo shule yao yenyewe ilikuwa imeitenga kwa ajili ya kuzungumzia saratani ya matiti. Shule ilikuwa imezipiga marufuku bangili hizo. Wasichana wakagoma kuzivua, wakatengwa na darasa siku moja na nusu, wakanyimwa na dansi ya shule. Familia zikaenda mahakamani zikisaidiwa na ACLU, chama cha kutetea uhuru wa raia. Majaji 9 wakasimama na wasichana, 5 wakasimama na shule. Machi 2014 Mahakama ya Juu ikakataa kuipokea rufaa ya shule, mambo yakaishia hapo.

Kurasa na kurasa za hukumu ile zinahangaika na swali moja: je, maneno haya ni machafu? Walio wengi wakasema si machafu moja kwa moja, ni ya utata, na kwa kuwa yanaweza kueleweka kama maoni juu ya jambo la kijamii, shule haina ruhusa ya kuyazuia. Waliopinga wakasema jamani, mtoto wa shule ya kati akisoma "boobies" hawazi habari za hospitali. Na mwaka mmoja kabla, kule Wisconsin, jaji mwingine alishaangalia bangili hizohizo akaipa shule haki ya kuzikataza. Yaani wanasheria wenyewe hawakukubaliana kama kale kaneno ni tusi au si tusi.

Mimi natoa yangu mapema ili tusisumbuane. Wasichana wale walistahili kushinda. Shule haina kazi ya kumfukuza mtoto darasani kwa sababu ya bangili. Na kaulimbiu ile ni mbovu, pamoja na ndugu zake wote, "Save the ta-tas", "Save second base", "Feel your boobies", na zile tunazoziokota kila Oktoba na kuzibandika kwenye status za WhatsApp bila hata kuzifikiria. Ubovu wake hauhusiani na uchafu. Nitaomba msomaji avumilie nieleze, kwa sababu ubishi huu huku kwetu unaendeshwa kana kwamba kuna pande mbili tu, shangazi mwenye maadili upande mmoja na kijana aliyeendelea upande wa pili. Mimi simo kote kuwili.

Kwanza hilo la maadili tuliondoe njiani. Sisi tunaoandika na kusoma Kiswahili hatuna haki ya kushtuka mbele ya fumbo la mwili. Bibi zetu wa pwani walijifunga kanga zenye maneno ambayo jirani akiyasoma usiku halali. Taarabu ya mipasho imekula na kunywa kwa maneno ya chini ya kitovu yaliyovishwa nguo ya juu. Bi Kidude, aliyefariki Unguja Aprili 2013, alipiga msondo unyagoni na kuwafundisha wari mpaka uzeeni, na kilichofundishwa humo hakikuwa masomo ya Jumapili. Kwa hiyo mtu akiniambia kaulimbiu za matiti hazifai kwa sababu "si utamaduni wetu," namwangalia tu. Utamaduni wa nani?

Ila tazama fumbo la kanga linavyofanya kazi. Anayelivaa ni mwanamke mwenyewe. Analivaa akijua anamlenga nani, na mlengwa akipita anajijua. Unyagoni ndiyo kabisa: mlango umefungwa, kungwi anasema na mwali, na mwili unaozungumzwa ni wa yule anayeambiwa. Maneno yanaweza kuwa makali, yanaweza kuwa ya kuchekesha mpaka machozi, lakini mwenye mwili ndiye msikilizaji. Anafundishwa mambo yake.

Sasa rudi kwenye bangili. "Nayapenda matiti." Nani anasema? Anamwambia nani? Ya nani hayo matiti? Kaulimbiu haijibu. Msichana wa miaka 12 ameivaa mkononi, lakini sauti iliyomo si yake. Ni sauti ya mtu aliyekaa kijiweni anaangalia wanaopita. Kumbukumbu za kesi yenyewe zinataja wavulana walioanza kuwatania wenzao wa kike kwa maneno yale yale ya bangili. Na kuna jambo lingine lililotajwa kwenye ushahidi ambalo mimi naona lingetosha kumaliza mjadala: taasisi ya Keep A Breast ya California, iliyotengeneza bangili hizo, ililazimika kuwakataa wenye vituo vya malori, wenye mashine za kuuzia vitu, na watengenezaji wa picha za ngono, wote wakitaka kuziuza. Taasisi ililitaja hilo kuonyesha kwamba yenyewe ina nia njema. Naamini ilikuwa nayo. Lakini wale jamaa wa picha za ngono hawakukosea kusoma. Waliisoma sentensi kama ilivyoandikwa, wakaona ni ya kwao.

Miaka michache iliyopita kampuni moja ya matangazo hapa Dar iliniomba niwatafutie Kiswahili cha "Save the ta-tas" kwa ajili ya fulana za Oktoba. Kazi ya nusu saa, nikadhani. Kwanza neno lenyewe. Matiti ni neno la kliniki na la kawaida kwa pamoja, halichekeshi mtu. Maziwa lina heshima zake, lakini ukiandika "Okoa maziwa" kwenye fulana watu watadhani umetumwa na wafugaji. Nyonyo lingewafaa zaidi, maana ndilo la mtaani, ila bosi mmoja pale akasema mkewe hawezi kuvaa hiyo. (Nikaona ajabu kidogo kwamba kwa Kiingereza mkewe angeivaa.) Tukazunguka hivyo, mpaka nikagundua kwamba tatizo halikuwa nomino. Lilikuwa kitenzi.

Kiswahili kina ngeli, na ngeli hazidanganyi. Ukisema uokoe matiti, kitenzi kinakuwa "yaokoe". Ya. Kama magari, kama maembe. Ukitaka kumwokoa mwenye matiti lazima useme "mwokoe", na hapo hapo matiti yameshatoka kwenye sentensi, ameingia mtu. Huwezi kuviweka vyote viwili kwenye kiambishi kimoja. Kiingereza kinalificha hili, mtu anaweza kusema "save" na kila msikilizaji akajaza anachotaka. Kwetu lugha inakushika kola: unaokoa nini, au unamwokoa nani? Chagua.

Nikawapelekea "Mwokoe". Wakaniambia haina mvuto. Sikulipwa, ila hilo tuliache.

Na uchaguzi huo si wa mwalimu wa sarufi peke yake. Kwa mgonjwa wa saratani ya matiti ndio uchaguzi wenyewe unaofanyika mezani kwa daktari. Wagonjwa wengi matibabu yao ni kukatwa titi zima. Wengine wenye bahati, waliowahi, hutolewa uvimbe tu na titi likabaki, kisha wakapigwa mionzi. Lakini pale inapobidi, titi huondoka ili mtu abaki. Sasa mwanamke anatoka wodini, amefungwa bendeji, upande mmoja wa kifua uko sawa na ubao, anakutana na umati wa watu wenye fulana za waridi unaomwambia wameokoa matiti. Ya nani? Yake yameshakwenda kwenye ndoo ya maabara. Kwa hesabu ya fulana ile yeye ni mchezo uliopotea.

Mwandishi Audre Lorde alilisema hili kabla fulana hizo hazijaanza kuchapwa. Alikatwa titi moja mwaka 1978, na katika kitabu chake The Cancer Journals cha mwaka 1980 anasimulia alivyorudi kwa daktari siku chache baadaye, amevaa vizuri, anajisikia vizuri, kifuani hajaweka kitu cha kujazia. Nesi akamwambia avae titi la bandia, maana bila hilo anaharibu ari ya watu pale ofisini. Lorde akalinganisha na Moshe Dayan, waziri wa vita wa Israeli aliyevaa kitambaa cheusi kwenye jicho lake bovu: hakuna aliyemwambia akaweke jicho la kioo ili watu wasijisikie vibaya. Yeye anaonekana shujaa, mwanamke anaonekana kasoro. Kitabu kina zaidi ya miaka 40 na kila Oktoba naona kama kimeandikwa juzi.

Halafu kuna ile picha ya Agosti 1993 kwenye jalada la jarida la gazeti la New York Times. Msanii anayejiita Matuschka alijipiga mwenyewe, amevaa gauni jeupe lililokatwa upande mmoja, na penye titi pana kovu tu. Gazeti lilipokea barua nyingi, na baadhi ya wasomaji walikasirika. Nipe nafasi niulize swali la kijinga: kwa nini kifua kisicho na titi kiliwashtua watu waliozoea kuona vifua vyenye matiti kwenye kila tangazo la bia na sabuni? Picha ile ilikuwa na kila kitu ambacho bangili inakikosa. Mwenye mwili ndiye aliyeshika kamera. Ugonjwa ulionekana. Na hukuweza kuitazama ukaendelea kutabasamu.

Mtaani kwetu kuna msemo wa matiti "saa sita", yaani yaliyosimama kama mshale wa saa saa sita mchana. Samahani kwa wasomaji wenye masikio laini, lakini lazima niutumie, kwa sababu kaulimbiu hizi zote zinazungumzia matiti saa sita. Tazama michoro iliyoambatana nazo, tazama matangazo ya video yenye binti anayekatiza kando ya bwawa la kuogelea huku kamera ikiwa haijui kwamba ana uso. Wakati ugonjwa wenyewe unapenda kuja mchana ukiwa umeinama. Hatari huongezeka kwa umri. Marekani, ambako kaulimbiu hizi zilizaliwa, nusu ya wanaogunduliwa wana zaidi ya miaka 60 hivi. Kwetu wanagunduliwa wakiwa wadogo zaidi, kwa sehemu kwa sababu nchi zetu zenyewe ni za vijana, lakini hata hapa tunasema habari za mama wa watoto wanne, wa matiti yaliyonyonyesha na kulala. Huyo mama hayumo kwenye fulana. Akiisoma anajua kabisa haimhusu. Na kwa kila wagonjwa mia kuna mmoja hivi ambaye ni mwanamume, huyo ndiyo usimtaje kabisa, maana atatuharibia utani.

Sasa nije kwa wenye hoja, maana wapo. Hoja ya kwanza ni kwamba baadhi ya kaulimbiu hizi zilitungwa na wagonjwa wenyewe. Ni kweli. "Feel your boobies" ilianzishwa Pennsylvania mwaka 2004 na Leigh Hurst, aliyegunduliwa na saratani akiwa na miaka 33 baada ya kuhisi uvimbe yeye mwenyewe. Nani mimi nimwambie asicheke? Mgonjwa ana haki ya kuuchekea ugonjwa wake kwa neno lolote atakalo, na nimeshawasikia akina mama wodini wakiitana majina ambayo siwezi kuyaandika hapa, wakicheka mpaka dripu zinatikisika. Lakini kicheko kile kina mwenyewe. Ukikitoa wodini, ukakichapa mara milioni, ukakivalisha mvulana wa chuo ambaye hajawahi kuona dripu, hakibaki kilekile. Fumbo la kanga likivaliwa na mtu asiyehusika na ugomvi ni kitambaa tu. Hili likivaliwa na asiyehusika ni baya kuliko kitambaa, linageuka kuwa kijiwe tena.

Hoja ya pili ni nzito, na naipa heshima yake. Inasema: ninyi mnabishana kuhusu heshima, wenzenu wanakufa kwa ukimya. Bora neno chafu linalosemwa kuliko neno safi lisilosemwa. Mimi ni mwandishi wa habari, ukimya huo naujua kwa kuuandika. Tangazo la kifo linasema marehemu "aliugua kwa muda mrefu." Mtu anasema ana "kitu kifuani", anasema "uvimbe", anasema "yale matatizo ya kina mama." Neno kansa linanong'onwa kama jina la jini. Duniani mwaka 2022 wanawake wapatao milioni 2.3 waligunduliwa na saratani ya matiti na wapatao 670,000 walikufa kwayo. Kenya ndiyo saratani inayoongoza kwa wagonjwa wapya, Tanzania ni ya pili kwa wanawake baada ya ile ya mlango wa kizazi. Na wengi wa akina mama wetu wanaofika Ocean Road hufika ugonjwa ukiwa hatua ya tatu au ya nne. Kwa hiyo ndiyo, ukimya unaua.

Ninachokataa ni kwamba utani ndio uliowahi kuuvunja. Marekani nao walikuwa na ukimya wao, na uliwavunjikia Septemba 1974. Betty Ford, mke wa Rais, alikatwa titi, na badala ya ofisi ya Rais kusema mama amepumzika, ikasema kilichotokea: saratani, titi, upasuaji. Wiki chache baadaye Happy Rockefeller, mke wa mtu aliyependekezwa kuwa Makamu wa Rais, akagunduliwa naye. Wanawake wakamiminika kwenye vituo vya uchunguzi, mpaka takwimu za wagonjwa wapya za kipindi kile zikapanda ghafla, si kwa kuwa ugonjwa uliongezeka bali kwa kuwa watu walikwenda kupimwa. Hapakuwa na bangili. Hapakuwa na ta-ta. Mwanamke mmoja alitaja ugonjwa wake kwa jina lake, na wengine wakasikia kwamba inawezekana kuutaja na dunia isianguke.

Sasa linganisha na Januari 2010. Wanawake kwenye Facebook walianza kuandika rangi tu. Nyeusi. Nyeupe. Bluu yenye madoa. Ilikuwa rangi ya sidiria walizovaa, na eti huko ndiko kuhamasisha kuhusu saratani ya matiti. Oktoba mwaka huohuo ukaja mchezo mwingine, "naipenda juu ya kochi", "naipenda sakafuni", "naipenda mezani jikoni", kumbe ni mahali unapopenda kuweka mkoba wako. Sikilizeni nyie wapenzi wa fasihi, maana hili ni letu: masharti ya mchezo yalikuwa kwamba usiwaambie wanaume maana yake. Yaani kampeni ya kuvunja ukimya ambayo kanuni yake ya kwanza ni kunyamaza! Neno saratani halikutajwa, neno titi halikutajwa, kilichobaki ni harufu ya kitanda. Fumbo zuri hukuacha ukilifikiria mpaka ufumbue. Lile ukilifumbua unakuta mkoba.

Nirudi kwenye "feel", jigusegusie, maana kaulimbiu kadhaa zinajitetea kwamba zinafundisha. Huko Shanghai zaidi ya wanawake 266,000 wa viwanda vya nguo waligawanywa makundi mawili, kundi moja likafundishwa kwa bidii kujichunguza matiti na kukumbushwa kwa miaka, jingine halikufundishwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2002. Waliofundishwa walipatikana na vivimbe vingi zaidi visivyo na saratani, wakachomwa sindano na kupasuliwa kwa ajili hiyo, na idadi ya waliokufa kwa saratani ya matiti ikawa ileile kwenye makundi yote mawili. Sisemi mtu asijue mwili wake. Ajue, na akiona badiliko aende: uvimbe, ngozi kuvutika, chuchu kuingia ndani, majimaji yenye damu. Nasema tu kwamba hata ukichukua kaulimbiu hizi kwa uzito wake wote, ukazitii neno kwa neno, kidole hakimalizi safari. Ndiyo kwanza kinaianza.

Na safari yenyewe kwetu ndipo penye mambo. Mama amehisi uvimbe. Anakwenda zahanati anapewa vidonge vya maumivu. Anarudi, anaambiwa ni maziwa yameganda, ingawa mtoto wake wa mwisho yuko darasa la tano. Anakwenda kwa mganga kwa sababu mganga yuko karibu na anamsikiliza. Akifika hospitali ya mkoa anatolewa kinyama kidogo cha kupimwa, kinasafirishwa, majibu hayaji, nauli ya kufuatilia hakuna, mume anauliza hii safari ya tatu ni ya nini. Anaogopa kukatwa na anaogopa zaidi kuachwa baada ya kukatwa. Shirika la Afya Duniani limeweka lengo kwamba tangu mtu aende na dalili mpaka apate jibu la uhakika zisipite siku 60. Siku 60! Hiyo nayo ni kaulimbiu, tena haina hata neno moja la aibu. Chapeni hiyo kwenye fulana, mvae mpite nayo mbele ya wizara. Sioni kampuni ya matangazo ikiikimbilia, kwa sababu inadai kitu kwa mtu fulani, wakati "nayapenda matiti" haidai kitu kwa yeyote. Nani asiyeyapenda?

Na ile hofu ya kuachwa naomba tusiipite haraka, maana hapo ndipo kaulimbiu hizi zinapotoka kwenye upuuzi zikaingia kwenye madhara. Kama thamani ya kuokolewa iko kwenye titi, basi mwanamke anayeogopa kwenda hospitali asikatwe anafikiri sawasawa. Kampeni imekubaliana naye. Imemwambia kwa rangi ya waridi jambo lilelile ambalo mama mkwe alimwambia kwa mdomo: bila hilo wewe utakuwa nini? Daktari anahitaji nusu saa ya maneno kumshawishi mama kwamba yeye ni zaidi ya kifua chake, kisha nje ya dirisha linapita tamasha la matembezi na bango kinyume chake.

Mtaniambia nimekosa ucheshi. Basi nileteeni ucheshi wa kwetu. Mleteeni kungwi kazi hii, mumpe jina la ugonjwa, dalili zake, na mahali pa kwenda, mwone kama hatatunga kitu cha kuwafanya mabibi wacheke na wakumbuke. Ataweka ndani neno ambalo gazeti langu halitalichapa, sina shaka. Lakini atamwambia mwenye ziwa, na atamwita mwanangu.

Oktoba hii najua nini kinakuja. Tarehe 13 itakuwa ile wanayoiita siku ya kutovaa sidiria, picha zitajaa, watu watapongezana kwa kuhamasisha. Huko Marekani tarehe hiyohiyo imetengwa kwa ajili ya wagonjwa ambao saratani yao ya matiti imeshasambaa, iko kwenye mifupa, kwenye ini, kwenye mapafu, kwenye ubongo. Wengi wao matiti yalishaondoka zamani. Kinachowaua hakiko kifuani tena, na hakuna aliyewatungia utani.